Bata Mwitu Aliyetotoa Uani Haombi Banda

Mvua zikishakolea huku Ziba, mkoani Tabora, mbuga zikajaa maji na mpunga ukaanza kusimama majarubani, bata mwitu husogea karibu na watu kutaga. Mmoja hutaga kwenye majani marefu nyuma ya nyumba, mwingine pembeni mwa bustani ya mchicha, mwingine kwenye tundu la mti mkubwa uliosazwa shambani. Mwezi mmoja hivi baadaye vifaranga wanatoka, na shauri la majirani huwa moja tu: wakamateni, watieni bandani, wapeni pumba, mwewe asije akawamaliza. Anayewakamata husifiwa kuwa ni mtu wa huruma. Anayewaacha waondoke na wazazi wao huambiwa amechezea riziki.

Shauri hilo nimelisikia kwa wazee ninaowaheshimu, kwa vijana waliosoma, na kwa kina mama wanaojua kufuga kuku na bata kuliko mimi. Wanaolitoa si watu wabaya. Lakini shauri lenyewe ni baya, nami nalipinga kwa moyo wote, kwa sababu linaua ndege walewale tunaodai kuwaokoa, linahatarisha kuku wa mwenye nyumba, linavunja sheria ya nchi, na linatutoa macho kwenye jambo linalowapunguza bata hawa kweli kweli.

Nianze kwa kulieleza kwa haki, kama wenyewe wanavyolieleza. Wanasema vifaranga hao wametelekezwa na wazazi. Wanasema bata ni bata, wa mbugani na wa bandani hula chakula kimoja. Wanasema ndege mmoja au wawili hawawezi kumdhuru mtu. Wanasema afadhali wafugwe kuliko kuliwa na mwewe, kenge na nguchiro. Wanasema wakikua wataachiwa. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, na ndege aliyekuja kwa miguu yake uani kwako ni wako. Mwisho wanasema kila kifaranga anayelelewa nyumbani ni nyongeza kwa ndege wa nchi. Zikisemwa zote kwa pamoja, hoja hizi zinaonekana nzito. Tuzichukue moja moja.

1. "Wazazi wao wamewatelekeza"

Hii ndiyo hoja inayotangulia kila mara, na mara nyingi si kweli. Bata hatagi mayai yote siku moja. Hutaga yai moja, akaondoka kwenda kula, akarudi kesho yake kutaga jingine, na haanzi kuatamia mpaka mayai yatimie. Ndiyo maana vifaranga wote hutoka karibu kwa pamoja. Katika siku hizo za kutaga, kiota hukaa peke yake sehemu kubwa ya mchana. Anayepita akaona mayai sita majanini huamini kwamba mama ameyakimbia, akayabeba na kumwekea kuku anayeatamia. Anadhani ameokoa mayai yaliyoachwa, kumbe amevunja kiota ambacho mwenyewe alikuwa bado anakijaza.

Vifaranga wakishatoka, wazazi hawako mbali. Bata mwitu mwenye uso mweupe, yule anayepita usiku juu ya mapaa akipiga mluzi wa sauti tatu, huatamia kwa zamu, jike na dume, kwa siku 26 hadi 30, kisha wote wawili hulea. Bata bukini wa mwitu, mwenye doa la kahawia kuzunguka jicho, naye huwalinda watoto akiwa na mwenzake. Mtu akiwasogelea, wazazi huruka au hujificha. Sasa mtu huyo anasimama palepale, anatazama huku na huku, halafu anatangaza kwamba wazazi hawapo. Aliyewazuia wasirudi ni yeye.

Kuna ishara nyingine mbili tunazozisoma vibaya. Ya kwanza ni bata anayeburuta bawa mbele ya mtu kama aliyevunjika. Aina nyingi za bata hufanya hivyo makusudi ili kumvuta adui mbali na watoto. Ukimfuata ukadhani unamwokoa majeruhi, unamfukuza mzazi mzima aliye kazini. Ya pili ni bata mkubwa asiyeweza kuruka. Baada ya msimu wa kuzaa, bata hupukutisha manyoya yote makubwa ya mabawa kwa mara moja, akakaa wiki kadhaa bila kuruka mpaka mapya yaote. Si mgonjwa. Anachohitaji ni majani ya kujificha na maji ya kukimbilia.

Na wale wanaosema, "Nimeshamshika, mama atamkataa kwa harufu ya mkono wangu," wamerithi imani isiyo na msingi. Bata hamtupi mtoto wake kwa sababu ya harufu ya binadamu. Kifaranga aliyeokotwa asubuhi anaweza kurudishwa asubuhi hiyohiyo, na wazazi watampokea.

Nimewahi kusimama kando ya tenga lililofunika vifaranga wa namna hii, jioni, nyumbani kwa jirani. Walikuwa hawali. Walikuwa wakizunguka ukingoni mwa tenga, kifua kwenye fito, wakilia mfululizo bila kupumzika. Giza lilipoingia, wakubwa wawili walipita juu ya bati wakipiga mluzi, wakageuka, wakapita tena. Kila mluzi uliposikika, vifaranga wote walikimbilia upande ule wa tenga. Aliyeuona usiku ule hawezi kuniambia kwamba wazazi walikuwa wamewatelekeza.

2. "Bata ni bata"

Bata tunaowafuga vijijini, wale wenye uso mwekundu wenye vinundu, asili yao ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Wale weupe wa mayai na nyama wametokana na bata mwitu wa nchi za kaskazini mwa dunia. Hakuna hata mmoja ambaye babu yake alitoka mbuga ya Wembere. Anayewaweka pamoja na bata wetu wa mbugani kwa sababu wote wana mdomo bapa na miguu ya utando anachanganya koo zilizotengana tangu zamani mno.

Tofauti hiyo inaonekana kwanza kwenye chakula. Kifaranga wa bata mwitu hutoka kwenye yai akiwa na macho wazi, ana manyoya laini ya malaika, na baada ya siku moja hivi anaweza kutembea, kuogelea na kujitafutia. Wazazi hawamlishi mdomoni. Humpeleka mahali chakula kilipo. Huko hudonoa wadudu wa majini, vikonokono, mbegu laini na machipukizi, kidogo kidogo kutwa nzima. Ukimpa pumba za mahindi peke yake unamjaza tumbo bila kumjenga. Vifaranga wa bata wanahitaji vitamini aina ya niasini karibu mara mbili ya vifaranga wa kuku. Wakiikosa, miguu hupinda na viungo vya visigino huvimba mpaka wanashindwa kusimama. Wakishibishwa mkate, ugali na makombo, hukua upesi kupita kiasi, na ncha ya bawa huweza kugeuka nje ikabaki imepinda. Bata mwenye bawa la namna hiyo hataruka maisha yake yote.

Pumba zenyewe zina hatari nyingine. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya huota ukungu unaotoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sasa kumbuka kwamba katika wanyama wote wanaofahamika kudhurika nayo, kifaranga wa bata ni miongoni mwa walio dhaifu zaidi. Sumukuvu ilipogunduliwa baada ya vifo vya bata mzinga zaidi ya 100,000 nchini Uingereza mwaka 1960, waliolishwa mashudu ya karanga, vifaranga wa bata walikufa pia, na baadaye wataalamu wakawatumia vifaranga hao kama kipimo cha kutambua sumu hiyo katika chakula. Kiasi ambacho kuku mkubwa anakula na kuendelea na shughuli zake kinaweza kumuua bata wa siku tatu. Na katika nyumba nyingi, pumba zinazopewa ndege ni zile zilizoonekana hazifai kwa mtu.

Halafu lipo beseni. Watu huamini bata akipewa beseni la maji amepewa kila kitu. Kifaranga aliye na wazazi huogelea kwa muda, akatoka, akajisafisha, akaingia chini ya kifua cha mama kupata joto. Kwenye beseni lililochanganyika na mavi na pumba, manyoya huchafuka, maji hupenya mpaka kwenye ngozi, na hakuna kifua cha kuingia. Hutetemeka, hulegea, na asubuhi hukutwa amekufa. Mwenye nyumba husema, "Walikuwa dhaifu." Hawakuwa dhaifu. Walikufa kwa baridi karibu kabisa na watu waliokuwa wakiwapenda.

3. "Ndege mmoja au wawili hawamdhuru mtu"

Katika hoja zote, hii ndiyo ambayo mwenye kuku alipaswa kuipinga kabla yangu. Kila nyumba ya Ziba inaujua mdondo, ugonjwa wa kuku. Unaingia kijijini, na baada ya siku chache mabanda yako matupu. Ndege wa majini wanaweza kubeba virusi vya ugonjwa huo bila wenyewe kuonekana wagonjwa. Kifaranga aliyetolewa mbugani akaingizwa banda moja na kuku wasiochanjwa, akanywa chombo kimoja nao, ni njia iliyo wazi ya kuuleta ugonjwa nyumbani.

Mafua ya ndege nayo si hadithi ya Asia. Januari 2017 virusi vya H5N8 vilithibitishwa Uganda. Ndege mwitu walikutwa wamekufa kwenye ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe, katika Ziwa Victoria, na bata na kuku wa kufugwa wakafa wilayani Masaka. Ndege wa majini hawajui mpaka wa nchi. Wanaofuga kuku kwa ajili ya ada za shule, kwa ajili ya mgonjwa anayelazwa hospitali ya Nkinga, kwa ajili ya mgeni wa ghafla, wana haki ya kuuliza jirani yao ameingiza nini mtaani. Mchuma janga hula na wa kwao, na katika maradhi ya ndege wa kwao ni kijiji kizima.

Watoto nao husahauliwa. Ndio wanaopewa vifaranga wachezee, wanaowabusu na kuwabeba kifuani, kisha wanakula muhogo bila kunawa. Mavi ya bata hubeba vimelea vya kuhara. Gharama hii haitajwi na anayewasifu waliokamata.

4. "Wataliwa na mwewe, kenge na nguchiro"

Ni kweli, baadhi wataliwa. Sitaki kumficha msomaji jambo hili. Mwewe anachukua, kenge anameza, nguchiro anavamia majani. Ndiyo sababu bata mwitu hutaga mayai mengi, mara nyingi nane mpaka kumi na mawili, wakati njiwa hutaga mawili tu. Wingi wa watoto ndio ulinzi ambao jamii ya bata imeishi nao tangu kabla mtu hajajenga nyumba mbugani.

Lakini swali si kama kuna hatari mbugani. Swali ni kama banda linaipunguza. Majini kifaranga ana baba na mama wanaotoa sauti ya kuonya, ana matete ya kujipenyeza, na adui akishuka ana maji ya kuzama ndani yake. Ndani ya tenga hana mzazi, hana majani, hana maji. Paka wa nyumbani anajua tenga liko wapi. Nguchiro anayeiba vifaranga wa kuku hashindwi na vifaranga wa bata. Panya mkubwa hupita kwenye mwanya ambao mwenye nyumba hakuuona. Ukimwondolea ndege njia zake zote za kukimbia, ukambakizia ukuta, hujamlinda.

Tena wanaotoa hoja hii hawafungi mbwa wao. Mbwa ndiye adui wa kwanza wa bata aliyetotoa karibu na nyumba, naye yuko chini ya amri yetu. Mwewe hatumwezi. Mbwa tunamweza kwa kamba ya katani.

5. "Wakikua tutawaachia"

Kama nia ni kuwaachia, kwa nini mkasi hupitishwa kwenye mabawa mapema hivyo? Nyumba nyingi zinazofuga bata mwitu hukata manyoya ya bawa moja ili ndege asiruke juu ya uzio. Mwenye kukata hajajiandaa kuachia. Anasema uhuru kwa mdomo na anauzuia kwa mkono.

Tuchukue hata yule asiyekata. Konrad Lorenz, mtaalamu wa Austria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili, alionyesha tangu mwaka 1935 jinsi vifaranga wa bata bukini wanavyomshika kama mzazi yule wa kwanza wanayemwona akitembea mbele yao baada ya kutoka kwenye yai. Kama ni mtu, watamfuata mtu. Kifaranga aliyelelewa hivyo hukua akiona binadamu ni wa kwao. Siku anapoachiwa, anakwenda lambo la kijiji, anaona kijana mwenye manati, na badala ya kuruka anamsogelea. Usiku huo anapikwa. Tulimfundisha sisi kutoogopa.

Na hata asipokutana na manati, atakwenda wapi? Vifaranga wa bata mwitu huchukua miezi miwili au zaidi kabla ya kuruka. Kufikia hapo mvua zimekwisha, malambo madogo yanakauka, na udongo mweusi wa mbuga unaanza kupasuka. Wenzake wamekwisha kuhama kufuata maji, wengine kwenye bwawa la Mwanzugi, wengine Wembere na kuteremka hadi Ziwa Kitangiri. Kijana wa bata huzijua njia hizo kwa kuruka na kundi. Nchi hii inaelewa jambo hilo vizuri. Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipangwa kwa visima na mabwawa, na msafara usio na mtu anayejua maji yaliko ulikuwa umeshapotea kabla ya kuondoka. Bata tuliyemlea peke yake tunamwachia Julai, wakati wa kiangazi, bila kundi na bila kujua njia. Huko si kumwachia. Ni kumtupa.

6. "Amekuja mwenyewe, ni riziki yangu"

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inasema wanyama wote wa porini nchini ni mali ya umma, chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Watu wengi hudhani sheria hiyo ni ya tembo na faru. Si hivyo. Inawagusa ndege, inawagusa vifaranga, inayagusa hata mayai. Kutaga uani kwako hakumgeuzi bata kuwa wako, kama vile swala aliyelala shambani kwako usiku hawi wako asubuhi. Kuwinda kuna leseni yake na msimu wake. Kumkamata mnyama wa porini akiwa hai na kumfuga kuna kibali chake. Banda la nyuma ya jiko halina kibali chochote.

Kuna wanaosema serikali haiwezi kuhangaika na vifaranga watano wa mtu wa Ziba. Huenda hakuna atakayebisha hodi. Lakini hoja ya kwamba hutakamatwa haijawahi kuwa hoja ya kwamba una haki. Na mlango huu ukiachwa wazi, hawapiti wenye huruma tu. Hupita pia wanaokusanya ndege hai kwa ajili ya kuuza, na kila mmoja wao akiulizwa hujibu kwamba aliwaokota, akawahurumia, akawalea. Biashara ya wanyamapori hai ilikuwa imefikia hatua ambayo mwaka 2016 serikali ililazimika kusimamisha usafirishaji wao nje ya nchi. Tusimpe muuzaji maneno ya kujifichia.

Riziki ya bata hawa ipo, nayo ni ya wote. Wanakula wadudu na mbegu za magugu katika maji yetu, na samadi yao inabaki majarubani. Tanzania imejiunga na Mkataba wa Ndege wa Majini Wanaohama wa Afrika na Eurasia tangu mwaka 1999. Mwaka 2000 iliiweka ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, yenye hekta 3,250,000, sehemu yake ikiwa katika mkoa wetu wa Tabora, kuwa eneo la kwanza la nchi hii kutambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu. Nchi iliyoahidi hivyo mbele ya dunia haiwezi kutunza ahadi yake kama kila ua ni kizuizi cha ndege.

7. "Tunaongeza idadi yao"

Hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu hoja hii inageuza macho yetu yakatazama mahali pasipo na tatizo. Bata mwitu hawapungui kwa sababu ya mwewe. Mwewe na bata wameishi pamoja miaka yote. Wanapungua mahali pa kutaga panapokatwa, maji yanapokauka na sumu inapoingia.

Angalia tunachofanya wenyewe. Tunalima mpaka kwenye mdomo wa lambo. Tunapeleka ng'ombe wengi kwenye ukingo uleule mpaka matete yanakwisha. Tunachoma majani ya mbugani mapema, na moto unapita juu ya viota vya wanaochelewa kutaga. Tunanyunyizia dawa ya pamba kisha tunasuuza bomba mtoni au lamboni, na wadudu wa majini, ambao ndio chakula cha kila kifaranga, wanakufa kwanza. Dawa ya fenthion inayorushwa kuua kwelea kwelea wanaomaliza mtama na mpunga ni sumu kali kwa ndege wote, na ikidondoka kwenye maji haibagui kwelea na bata.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Tembea mita hizo 60 kutoka lambo lolote la jirani uone unakanyaga nini. Mara nyingi utakanyaga matuta ya viazi. Mtu huyohuyo aliyelima hapo ndiye anayekuonyesha kwa fahari vifaranga aliowafungia. Amechukua pori lao la kutagia, lenye nafasi ya viota vingi kila mwaka, akarudisha tenga moja la ndege wasioweza kuruka. Hesabu hiyo haimwongezei bata hata mmoja.

Msaada wenyewe ni huu

Baada ya kukataa yote hayo, lazima niseme kinachofaa kufanywa, maana kukataa tu hakumsaidii ndege.

Ukiona kiota uani, usikiguse, na waambie watoto wasikizoee. Yaache majani yaliyokizunguka mpaka vifaranga watoke. Mchicha unaweza kusubiri. Usinyunyize dawa upande huo. Siku watakapototolewa, wazazi watataka kuwatoa haraka kwenda majini, mara nyingi ndani ya siku moja. Siku hiyo funga mbwa. Kama uzio ni wa michongoma au wa bati, acha uwazi upande wa lambo. Funika kisima na shimo la taka. Kama wapo kwenye mfereji wenye kingo za wima, laza ubao mmoja kutoka chini hadi juu, ondoka, uangalie ukiwa mbali. Nimeona mama akipita mbele, watoto wakimfuata mmoja mmoja kwenye ubao wa namna hiyo, wa mwisho akiteleza mara mbili kabla ya kufika juu. Ubao na uvumilivu vilitosha. Wakikatiza barabara ya vumbi, simamisha pikipiki na baiskeli mpaka wapite.

Ukikuta kifaranga mmoja amebaki, mtafutie kundi lake karibu na maji, umweke kwenye majani, urudi nyuma kabisa. Ikiwa amelowa na anatetemeka, mweke kwanza kwenye boksi kavu lenye kitambaa mpaka apate joto, kisha umrudishe siku hiyohiyo. Ukiona kwa macho yako kwamba mzazi amekufa, au ndege amejeruhiwa kweli, mwone mtendaji wa kijiji akuunganishe na Bwana Nyama (ofisa wanyamapori) wa wilaya au ofisi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA). Hao ndio wenye mamlaka ya kuamua. Kuku wako wachanje mdondo kwa matone ya jicho kila baada ya miezi mitatu, maana ndege wa majini watapita uani hata usipowakamata. Na katika mkutano wa kijiji ujao, simama uulize habari za mita 60 za lambo. Swali hilo moja likipata jibu litawalinda bata wengi kuliko mabanda yote ya Ziba.

Wazee wangu, kina mama, na ninyi vijana mnaosifiana kwa kukamata: huruma yenu siikatai. Naikataa njia yake. Mwaka huu bata mwitu akitotoa uani kwenu, fungeni mbwa, fungueni geti, mwacheni aende majini na watoto wake wote.